Chungu Kisicho na Nyama: Niliyojifunza Lebanoni

(Hotuba ya Mwenyekiti, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)

 

Kamati imenipa nafasi niseme machache. Historia ya kikundi katibu ameiandika kurasa za mbele, na hesabu za pesa anazo mweka hazina, kwa hiyo sitazirudia. Mimi nitasema juu ya chakula. Najua wako wanaocheka huko nyuma, wanasema mwenyekiti ameanza tena na vyakula vyake vya Lebanoni. Chekeni, lakini msikilize, maana jambo hili linagusa mfuko wetu.

Mwaka 2015 tulipoanza, mikopo ya dharura ilikuwa ya karo, ya mazishi, ya paa lililoezuliwa na upepo. Leo ukifungua kile kitabu utaona neno moja linarudi ukurasa baada ya ukurasa: hospitali. Presha, sukari, presha, sukari. Mwenzetu aliyetufundisha wengi wetu kuweka akiba amekatwa mguu kwa ajili ya sukari. Ameketi hapa mbele, na ameniruhusu niseme. Mimi mwenyewe mwaka 2019 niliambiwa nina presha, na nilikuwa najiona mzima kabisa. Na pesa za kikundi zinatoka wapi? Zinatoka kwenye mradi wetu wa upishi. Tunapika pilau la harusi, nyama ya mafuta, samli ya kumwaga, tunalipwa, na kinachobaki tunakula sisi na watoto wetu. Halafu pesa ile ile tunakopeshana twende hospitali. Jamani, hiyo si akiba.

Wengi mnajua nilikwenda Lebanoni kufanya kazi za nyumba. Niliondoka 2004 nikarudi 2008. Pasi yangu ilichukuliwa siku ile ile niliyofika, na kule kuna utaratibu wa udhamini wanaouita kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, huwezi kuhama kazi mpaka akubali. Hayo ni ya siku nyingine. Wasichana wanaotaka kwenda waje nyumbani, nitawaeleza bila kuficha. Leo nasema kitu kimoja kizuri nilichorudi nacho, maana pesa zenyewe ziliisha zamani.

Nyumba niliyofanya kazi Beirut ilikuwa nyumba ya nyama. Chakula wanachojivunia kuliko vyote ni kibbeh. Wanachukua nyama ya kondoo isiyo na mafuta, wanaisaga pamoja na burghul, ambayo ni ngano iliyochemshwa, ikaanikwa, ikapondwa. Ndani wanatia nyama nyingine na vitunguu, kisha wanakaanga au wanaoka kwenye sinia. Zamani walikuwa wanaitwanga kwenye kinu cha jiwe. Majani ya mzabibu yanaviringishwa na wali na nyama. Vijiboga wanavyoita kusa vinachimbwa ndani, vinajazwa nyama. Nikaona basi, hicho ndicho chakula cha Lebanoni, na bila nyama hakuna kitu.

Kisha tarehe 12 Julai 2006 vita vikaanza. Bosi akafunga virago, tukapanda milimani juu ya Batroun kwa mama yake. Yule mama alikuwa amepita miaka sabini. Wajukuu walimwita Teta, yaani bibi, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita binti, neno ambalo ni letu na ni lao. Mjini nilikuwa naitwa kwa kengele.

Bandari na uwanja wa ndege vilifungwa. Mwanzoni mwa Agosti madaraja ya barabara kuu ya kaskazini yakapigwa mabomu. Umeme ulikuja na kwenda, friji ikawa kama kabati. Nyama ikakosekana. Madamu akaanza kulia, watoto watakula nini? Teta akamcheka, akafungua stoo.

Wenzangu, sisi watu wa akiba tungemwelewa yule bibi. Stoo ile wanaiita mouneh, ni akiba ya chakula cha mwaka mzima. Magunia ya burghul, nyembamba na nene. Adesi, na dengu kubwa nyeupe zile ambazo Wahindi wanaita chana. Mafuta ya zeituni kwenye madumu, zeituni zenyewe, majani ya mzabibu kwenye maji ya chumvi, siki, kamba za vitunguu. Unga mwekundu mchachu wa matunda wanayoyaita summaq. Juisi ya komamanga iliyochemshwa mpaka ikawa nzito kama asali. Vita vile vilidumu siku 34, na siku hizo zote nyama tuliiona labda mara mbili. Aliyelalamika alikuwa mtoto mmoja mdogo, naye alikuwa akilalamikia kila kitu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Walebanoni wana majiko mawili. Kuna jiko la nyama, ambalo ndilo la wageni na hoteli. Na kuna jiko la mafuta ya zeituni, wanaliita bi zeit, la nyumbani. Wakristo wa kule wakifunga Kwaresima, kwa desturi ya zamani wanaacha nyama, maziwa, jibini na mayai, na hizo ni wiki nyingi. Watu hawawezi kula mkate na zeituni tu wakati wote huo, kwa hiyo akina mama wakatengeneza kila kitu upya. Kibbeh ikawa ya boga, au ya viazi. Iko kibbeh ya mtawa, vidonge vidogo vya burghul ndani ya mchuzi mchachu, wanaila Ijumaa Kuu. Nyingine wanaiita kibbeh yenye huzuni, kwa kuwa haina nyama ndani. Majani yaliyoviringishwa bila nyama wanayaita yalanji, neno la Kituruki, maana yake mwongo.

Lakini si Kwaresima peke yake. Shule ya kijiji ilijaa wakimbizi kutoka kusini, Waislamu, na Teta alinituma niwapelekee vitunguu. Nikamkuta mama mmoja anapika mujaddara, adesi na burghul, nyeusi karibu kama kahawa. Hakuwa amefunga kitu. Alisema kwao ndicho chakula cha siku za kawaida tangu kwa bibi zake. Nilipomwelezea Teta, akataka kwenda kuiona mwenyewe. Wakabishana saa nzima juu ya vitunguu, mmoja akisema viwe rangi ya dhahabu, mwingine akisema viwe rangi ya mbao. Mabomu yanaanguka kusini na hawa wanagombania vitunguu. Mimi niko upande wa yule wa kusini, na nitawaeleza kwa nini.

Teta alinifundisha jambo moja ambalo ndilo nataka mlishike. Mimi nilifikiri kupika bila nyama ni kuchukua chakula kile kile na kuitoa nyama. Ndivyo wengi wetu tunavyofanya, halafu chakula kinakuwa kama nyumba iliyoondolewa nguzo. Yeye aliniuliza, binti, nyama ilikuwa inafanya kazi gani humo? Kwenye kibbeh nyama inashikanisha, inatoa mafuta, na inatoa ule utamu unaobaki mdomoni. Ukiitoa lazima kila kazi uitafutie mtu wa kuifanya.

Kwa kushikanisha kuna boga na burghul nyembamba, na unga kidogo wa ngano. Kwa utamu wa mdomoni kuna vitunguu vilivyopikwa sana, na hapa ndipo yule mama wa kusini aliposhinda. Kitunguu kikipikwa polepole mpaka kikawa kahawia kabisa bila kuungua, kinatoa ladha ambayo mlaji anadhani ni supu ya mifupa. Akishafika hapo anamwagia maji, maji yote yanageuka rangi, ndipo anatia adesi zichemke humo humo. Na kuna uchachu. Chakula cha bi zeit bila uchachu kimepooza. Wao wana summaq na komamanga. Sisi tuna ndimu na ukwaju, tena ukwaju wetu ukichemshwa na kuchujwa mpaka ukawa mzito unashika nafasi ya komamanga vizuri sana. Nimejaribu na siki pia, hapana.

Kuna ndugu mmoja aliniletea vipande vya soya vya paketi nitie ndani ya kibbeh ili ifanane na nyama. Nilivitia. Ilifanana na nyama mbovu. Kibbeh ya boga haijifanyi nyama, ina jina lake.

Niliporudi nyumbani niliyasahau haya yote. Nilirudi kwenye pilau na viazi karai kama kila mtu. Ni mpaka 2019, nesi aliposema punguza chumvi, punguza mafuta ya wanyama, kula nafaka zisizokobolewa na kunde na mboga, ndipo nikasema kumbe nesi ananisomea stoo ya Teta.

Burghul nikaikosa madukani kwetu, au nikiipata ni ghali. Nikakumbuka Septemba ile ya 2006, baada ya vita, tulivyoitengeneza. Unachagua ngano nzima, unaiosha, unaichemsha mpaka inaiva na kuanza kupasuka. Unaianika juani siku mbili au tatu mpaka ikauke kama changarawe. Unaipeleka mashine ya kusaga, unamwambia yule kijana aiponde tu, asiisage unga. Nyumbani unachekecha, nene upande huu, nyembamba upande huu. Kijana wa mashine mara ya kwanza alinisagia unga mzuri kabisa. Tukala chapati wiki nzima.

Kisha nikaharibu. Wanachama wa zamani wanakumbuka ile hitima tuliyopikia. Niliwashawishi tupeleke sinia moja la kibbeh ya boga pembeni mwa pilau. Nilichemsha boga, nikalichanganya pale pale na burghul, nikaoka. Mtu akichukua kipande kinamwagika kama uji. Mwenye shughuli alituangalia kwa jicho ambalo sitalisahau, na kwenye kikao kilichofuata mwenzetu mmoja akasimama akasema watu watadhani kikundi kimefilisika, hakina pesa ya nyama. Nilinyamaza. Alikuwa na haki. Kwetu nyama ni heshima, na mgeni ukimpa sahani isiyo na nyama amekuja kwenye msiba wake mwenyewe.

Kosa lilikuwa maji. Teta alikuwa akilichemsha boga jioni, analifunga kwenye kitambaa cheupe, analining'iniza juu ya karai mpaka asubuhi, halafu analikamua tena kwa mikono. Mimi niliona ni mambo ya wazee ya kupoteza wakati. Sasa nafanya hivi: boga lililochemshwa na kukamuliwa kilo moja, burghul nyembamba vikombe viwili, unga wa ngano nusu kikombe, kitunguu kilichosagwa, bizari nyembamba, pilipili manga, chumvi kidogo. Naliacha nusu saa burghul inywe unyevu uliobaki. Nusu naitandaza kwenye sinia. Katikati natia dengu zilizochemshwa, vitunguu vya kahawia, spinachi iliyokatwa na kukamuliwa, na ukwaju. Nafunika na nusu iliyobaki, nakata vipande kabla ya kuoka, napaka juu vijiko vinne vya mafuta. Asiye na ovena apalie makaa juu na chini kama anavyopika keki. Mpaka iwe ngumu juu na iache kingo za sinia. Ikipoa kidogo ndiyo inakatika vizuri, msiikimbilie ikiwa moto.

Hapa niseme ukweli. Chakula kisicho na nyama si lazima kiwe cha afya. Jiko la Teta lilikuwa na mafuta mengi. Sinia la kibbeh aliloka likiogelea. Vitunguu vya mujaddara wengine wanavizamisha kwenye karai la mafuta. Majani ya mzabibu yanatoka kwenye maji ya chumvi. Na falafel, ambazo watu wanazisifia, zinakaangwa kama bajia. Tena ni ndugu wa bajia zetu za kunde hasa, maana dengu zinalowekwa tu, hazichemshwi, zinasagwa mbichi. Ukizichemsha kwanza zinasambaratika ndani ya mafuta. Kwa hiyo mimi nimepunguza. Vitunguu navipika kwa vijiko vitatu vya mafuta kwenye sufuria nzito, moto mdogo, vikikauka natia maji kidogo kidogo, dakika arobaini. Mafuta ya zeituni yanatushinda bei, ya alizeti yanatosha. Chumvi natia mwisho, ndimu ikishaingia, kwa sababu uchachu unaudanganya ulimi na chumvi kidogo inaonekana nyingi.

Kwenye mujaddara natia adesi vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha burghul. Wale wa kupenda wali wanageuza, wali mwingi na adesi za kuhesabu, na huo ni wali tu umevaa kanzu. Jina lenyewe maana yake ni yenye ndui, kwa jinsi adesi zinavyoonekana kama madoa. Mwenye sukari asidhani burghul haina wanga. Inao, apime.

Majani ya mzabibu hatuna, lakini sikilizeni. Kule wanaviringisha pia majani wanayoyaita silik. Siku ya kwanza nilipoyaona sokoni nilisimama, maana ndiyo haya haya tunayoyaita spinachi, yenye shina nene jeupe. Yatumbukizeni kwenye maji ya moto mara moja tu, kateni shina, tieni mchele, nyanya, nanaa, kitunguu na ndimu, viringisheni kidogo kama kidole. Shina msilitupe, litandikeni chini ya sufuria lisiungue chakula. Na molokhia yao ni mlenda wetu, mmea ule ule. Wao wanaupika na kuku, lakini bila kuku pia, na kitunguu thomu na dania na ndimu nyingi ya kupunguza utelezi. Niliposema kwetu tunaila hiyo, madamu alishangaa sana kwamba Afrika kuna molokhia. Mimi nilishangaa kwamba yeye hakujua.

Jambo la dawa. Madini ya chuma yaliyomo kwenye adesi mwili unayachukua vizuri zaidi ukila pamoja na ndimu au nyanya, na chai ukiinywa pale pale juu ya chakula inazuia. Subirini kama saa moja. Na kama kuna mtu anataka kuacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa, ajue kuna vitamini B12 ambayo mboga na kunde hazina, lazima aipate kwa njia nyingine, kwa mfano vidonge au sindano. Wanaotumia metformini ya sukari miaka mingi nao waulize kliniki juu ya vitamini hiyo, kwa sababu dawa ile inaweza kuipunguza mwilini. Mimi sijaacha samaki. Sisemi mtu aache nyama. Nasema isiwe ndiyo mwenye nyumba.

Tulibishana karibu mwaka mzima. Mwishowe kikao kilikubali hivi: kila kazi ya upishi tunayochukua tunamwonyesha mwenye shughuli orodha mbili, na sinia la boga au sufuria ya mujaddara anapewa kuonja kabla hajaamua. Wengine wanakataa mpaka leo. Wengine wanachukua kwa ajili ya bei, maana adesi ni nafuu kuliko nyama. Mzee mmoja aliagiza kwa ajili ya mke wake mgonjwa, na waliomaliza sinia walikuwa vijana wake. Yule mwenzetu aliyesimama kwenye kikao kunipinga ndiye leo aliyekamua boga, kilo ishirini, tangu jana saa kumi, na ameniambia mikono inamuuma na nisimtaje jina.

Naona harufu ya vitunguu imeshawafikia. Sufuria ya kushoto ni mujaddara. Masinia manne ni ya boga. Kuna mlenda, kuna biringani iliyochomwa kwa makaa na kupondwa na simsim. Pilau ya nyama ipo, Bwana Chifu usiwe na wasiwasi, lakini ni sufuria moja, na wazee watapewa kwanza. Wenye sukari, kipimo chenu ni kile kikombe cha bluu kilichofungwa kwa uzi kwenye meza. Kijazeni mara moja, mboga na saladi chukueni mtakavyo. Chai itakuja saa nane.